Kupiga nyimbo za redioni kwa kengele 8 za mnara: zipi zinawezekana, na zinaandikwaje?

KambaNane

Wakuu, salaam. Swali kwa wanaozifahamu kengele za minara ya kanisa.

Mnara wetu una kengele nane, skeli kamili ya meja (do, re, mi, fa, so, la, ti, do ya juu), zimefungwa kwenye magurudumu ili zipigwe kwa kuzungushwa. Mbali na kamba za kuzungushia, ukutani kuna fremu ya mbao yenye kamba nane. Mtu mmoja anasimama mbele yake, anavuta kamba moja moja, na nyundo zinagonga kengele kutokea chini. Mpaka sasa fremu hiyo imetumika kwa tenzi tu. Kasisi ameruhusu nyimbo za kawaida baada ya ndoa na siku za sherehe, mradi maneno yake yasilete aibu.

Ninachotaka kujua:

1. Nitajuaje mapema kama wimbo utaingia kwenye kengele nane, badala ya kugundua nikiwa katikati?
2. Niandike vipi ili hata mtu asiyesoma noti za mistari aweze kupiga?
3. Ninaweza kupiga kengele mbili kwa pamoja ili wimbo usisikike mkavu?
4. Kuna wanaoshauri tufunge nyundo za umeme. Kuna haja?

Asanteni.

---

SolfaMnarani

Mkuu KambaNane, kama unasoma solfa umeshafika nusu ya safari. Kengele huhesabiwa kuanzia yenye sauti ya juu kabisa (1) hadi nzito kabisa (8), kwa hiyo skeli inakaa hivi:

8 = d, 7 = r, 6 = m, 5 = f, 4 = s, 3 = l, 2 = t, 1 = d' ya juu.

Watu wengi wanakwama hapo hapo, kwa sababu wanaichukulia kengele 8 kuwa ndiyo d ya kila wimbo. Nyimbo nyingi za redioni hazitembei kutoka d hadi d'. Zinazunguka juu na chini ya d: zinashuka hadi s ya chini, zinapanda hadi m au s, kisha zinarudi. Ukiweka d kwenye kengele 8, s ya chini haipo kabisa mnarani. Ndiyo maana mtu anasema "wimbo umekataa", kumbe ameupa kiti kisicho chake.

Una viti vitatu vya kuiweka d.

d = 8. Unapata d hadi d' bila pengo. Inafaa wimbo usioshuka chini ya d.

d = 5. Sasa s ya chini ni 8, l ya chini ni 7, t ya chini ni 6, d ni 5, r ni 4, m ni 3, na s ya juu ni 1. Inayokosekana ni f, kwa sababu ingehitaji kengele iliyo nusu toni chini ya kengele 2, na hiyo huna. Kwa hiyo wimbo wowote kati ya s ya chini na s ya juu unaingia, ilimradi hauna f.

d = 4. Hapa f ya chini ni 8, s ya chini ni 7, l ya chini ni 6, d ni 4, r ni 3, m ni 2, f ni 1. Inayokosekana ni t. Wimbo kati ya f ya chini na f ya juu unaingia, ilimradi hauna t.

Nyimbo zinazotumia d r m s l peke yake hazina f wala t, kwa hiyo zinakubali viti vyote viwili alimradi hazivuki mipaka. Nyimbo za kuimbwa na umati, zile zenye kiitikio ambacho watu wanakishika mara ya kwanza wakisikia, nyingi zimejengwa hivyo. Anza na hizo.

Kwa nyimbo za maina, yaani zinazotulia kwenye l, hesabu ni ile ile. Ukitulia kwenye kengele 7, usitumie f. Ukitulia kwenye kengele 6, usitumie t. Na usiziogope: kengele kwa maumbile yake inapenda maina, atakuja mtu wa karilioni (seti kubwa ya kengele za kupigia muziki) aeleze sababu.

Mfano mdogo wa mazoezi, si wimbo wa mtu (koma baada ya herufi ni noti ya chini, kistari ni pigo tupu):

s, l, d d | r m r –

Kwa d = 5: 8 7 5 5 | 4 3 4 –
Kwa d = 4: 7 6 4 4 | 3 2 3 –

Yote mawili ni sahihi. Mimi ningechukua la pili, kwa sababu linaiacha kengele 8 ipumzike. Kengele nzito ikigongwa inaendelea kuvuma kwa sekunde nyingi na kuzifunika ndogo zinazofuata. Kadiri wimbo unavyokaa kwenye 1 hadi 6, ndivyo watu wa nje wanavyoutambua.

Kabla ya kupanda mnarani, fanya hivi. Andika solfa ya beti na kiitikio kwenye karatasi. Zungushia noti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kisha pigia mstari kila f, kila t, na kila noti iliyopandishwa au kushushwa (fe, ta, na wenzake). Ukishaona mipaka na mistari, kiti kinajichagua chenyewe, au wimbo unajikataa wenyewe. Ni kazi ya dakika tano.

Noti ikikosekana, angalia imekaa wapi. Kama ni noti ya kupita, kwenye pigo jepesi na ni fupi, iruke: acha noti iliyotangulia ivume, masikio yatajaza. Kama imekaa kwenye pigo zito au imeshikiliwa, au ndiyo noti inayoupa wimbo ladha yake, achana na wimbo huo. Usiweke noti ya jirani ukidhani watu hawatajua. Watajua, na watacheka.

Kwenye uandishi, tumia jedwali badala ya kuandika namba mfululizo kama namba ya simu. Kila pigo lipate kisanduku chake. Pigo tupu liwe na kistari, ili jicho lihesabu bila kufikiri. Vipimo vinne kwa mstari vinatosha. Kengele mbili za pamoja ziandikwe moja juu ya nyingine ndani ya kisanduku kimoja. Maneno ya wimbo yaandike chini kwa penseli wakati wa mazoezi, halafu yafute, kwa sababu anayefuata maneno huanza kupiga kwa mwendo wa kuimba, na mwendo wa kuimba ni wa haraka mno kwa kengele.

Kuhusu mwendo: mapigo 60 hadi 80 kwa dakika. Wimbo wa kucheza wenye mapigo 120 upunguze hadi nusu yake au zaidi kidogo. Utaona uvivu ukiwa ndani, lakini nje uko sawa.

---

FundiNyundo

Solfa amemaliza upande wa noti. Mimi naongelea chombo, kwa sababu wimbo mzuri kwenye fremu mbovu ni kelele.

Fremu hiyo ni ya mtindo wa Ellacombe, kasisi wa Bitton huko Uingereza aliyeitengeneza mwaka 1821 ili mtu mmoja aweze kugonga kengele zote. Namna inavyofanya kazi: kengele imening'inia mdomo chini, imetulia. Nyundo iko chini yake. Kamba ikikazwa, nyundo inainuka na kusimama karibu na ukingo wa ndani bila kuugusa. Ukivuta kamba kuelekea kwako, nyundo inamalizia safari, inagonga, kisha inaanguka kwa uzito wake. Neno la kushika hapo ni inaanguka. Nyundo isipoachana na kengele mara moja inaua mvumo, na kengele inayogongwa huku imebanwa ndiyo inayopasuka.

Kwa hiyo mkono uwe mwepesi: vuta kwa mkato, achia. Anayevuta na kushikilia utamsikia hata kwa mbali. Sauti yake ni "tok" badala ya mlio.

Mambo matatu ya usalama, na hapa sitanii.

Kwanza, usiguse fremu hii kama kengele yoyote iko juu, yaani imegeuzwa mdomo juu tayari kwa kuzungushwa. Kengele iliyosimama hivyo imeshikiliwa na kizuizi cha mbao tu. Kuivuruga ni hatari kwa kengele na kwa watu. Kupanda kwenye chumba cha kengele wakati ziko juu kunaweza kuua. Uliza kiongozi wa wapigaji, usikisie.

Pili, ukimaliza legeza kamba zote nane na hakikisha nyundo zote zimelala. Nyundo iliyosahaulika juu itakutana na kengele inayozunguka, na hapo ama mpini utavunjika au kengele itaumia. Weka kibao kwenye fremu: upande mmoja kimeandikwa ZIMEKAZWA, upande wa pili ZIMELEGEZWA. Ni kitu cha kitoto, lakini kinafanya kazi.

Tatu, mtu akikushauri ufunge kamba kwenye ulimi wa kengele na kuuvuta moja kwa moja, kataa. Kengele nyingi za zamani zimepasuka kwa njia hiyo, kwa sababu ulimi unabanwa kwenye ukingo badala ya kugonga na kurudi. Kengele iliyopasuka haizibwi kwa gundi. Inahitaji kuchomelewa na mabingwa wachache sana, au kuyeyushwa na kumwagwa upya.

Sasa marekebisho. Kamba za katani hujikaza zikipata unyevu na kulegea zikikauka, kwa hiyo nyundo iliyokaa vizuri jana leo inaweza kuwa inagusa kengele. Kila unapotaka kupiga, kaza, kisha gonga kengele moja moja kutoka 1 hadi 8 taratibu na usikilize vitu viwili tu: mlio unaendelea, na kamba zote zinaitika kwa umbali uleule wa mkono. Ikiwa kamba ya 3 inahitaji mvuto mrefu kuliko ya 4, mdundo wako utachechemea hata kama unahesabu vizuri. Kamba za poliesta zilizovutwa kiwandani hazibadiliki hivyo. Mkipata nafasi badilisheni sehemu ya kushika.

Kipigo kikianza kuwa na mlio wa kukwaruza, angalia puli na pini ya nyundo kabla ya kulaumu kengele. Kingine kinachosahaulika ni mahali nyundo inapogonga. Inatakiwa igonge kwenye unene, ile sehemu nene karibu na mdomo. Ikishuka mpaka kwenye ncha kabisa inamega. Ikipanda kwenye kiuno inagonga shaba nyembamba, sauti inakuwa mbovu na hatari inaongezeka.

Chumba cha kengele chenyewe kina sauti inayopita desibeli 100 zikigongwa. Mtu asikae humo bila vizibo vya masikio, hata kwa wimbo mmoja.

---

MsikilizajiTu

Samahanini wakuu, kwa nini msitumie zile kamba za kuzungushia? Si mna watu wanane, kila mtu kengele yake, kama kwaya?

---

SolfaMnarani

Haiwezekani, na sababu ni mzunguko wenyewe. Kengele ya kuzungushwa inaanza mdomo juu, inapiga karibu mzunguko mzima, inasimama tena mdomo juu, na inalia mara moja tu katika safari hiyo. Kengele nzito inachukua kama sekunde mbili. Mpigaji anaweza kuichelewesha au kuiharakisha kidogo, akasogea nafasi moja mbele au nyuma kwenye mstari, basi. Wimbo unataka kengele 5 ilie mara mbili mfululizo na kengele 2 inyamaze mstari mzima. Gurudumu halina namna ya kutoa hayo. Ndiyo maana Waingereza walitengeneza sanaa ya kubadilisha mpangilio wa namba badala ya kupiga tuni.

---

NgumiNaPedali

Swali la tatu ni langu, la kupiga kengele mbili kwa pamoja.

Kengele haina sauti moja. Iliyosawazishwa vizuri ukiigonga inatoa angalau sauti tano zinazosikika: ile unayoitambua (tuite d), d nyingine oktava moja chini yake, d nyingine oktava moja juu, s katikati, na ma, yaani m iliyoshushwa nusu toni. Hiyo ma ndiyo inayoipa kengele uzito wa huzuni, na ndiyo inayokuharibia mambo. Ukigonga 8 na 6 pamoja, d na m, kengele 8 inaimba ma wakati kengele 6 inaimba m. Noti mbili zilizopishana nusu toni zinagombana hewani kwa sekunde kumi. Mtu wa chini anasema kengele zimechakaa, kumbe kosa ni la mpangaji.

Kwa kengele zako nane:

Epuka 8+6, 5+3 na 4+2. Hizo ni theluthi za meja, yaani zimepishana kama d na m.

Tumia 8+1 (oktava). Tumia 8+4, 7+3, 6+2, 5+1. Na theluthi za maina (zilizopishana kama r na f, nusu toni pungufu ya zile za meja) zinakubali vizuri kuliko unavyotarajia: 7+5, 6+4, 3+1, kwa sababu noti ya juu inaangukia pale pale ambapo kengele ya chini tayari inaimba.

Hata hizo, zitumie kwa nadra: pigo la kwanza la kiitikio, na noti ya mwisho. Kengele haina kizimio kama piano. Kila ulichogonga kinabaki hewani na kinachofuata kinamwagika juu yake. Sauti tatu za pamoja kwenye kengele nane nzito sizishauri kabisa.

Hapo ndipo karilioni inapotofautiana. Karilioni inaanzia kengele 23, zenye nusu toni zote, na inapigwa kwa vijiti vya mbao kwa ngumi iliyokunjwa nusu, huku miguu ikikanyaga pedali za kengele nzito. Waya unatoka kwenye kijiti hadi kwenye ulimi ulio ndani ya kengele, kwa hiyo mpigaji anaweza kugonga polepole au kwa nguvu. Mnara wa Dom huko Utrecht, Uholanzi, wenye kengele 50, ulipiga muziki wa David Bowie alipofariki mwaka 2016, na wa Avicii mwaka 2018. Kwenye chombo kama hicho m haiachwi. Inapelekwa oktava moja juu, mbali na ma ya kengele ya chini, na ugomvi unapungua. Katika miaka ya 1980 Waholanzi walifika hata kutengeneza kengele zenye theluthi ya meja ndani yake, lakini minara mingi bado ina zile za maina.

Tabia nyingine ya karilioni unayoweza kuiazima: usijaribu kunakili ngoma na besi za rekodi. Besi ya wimbo wa redioni inagonga mara nane kwa kipimo; kwenye kengele iguse mara moja tu, pale sauti za pamoja zinapobadilika. Kinachobaki ni tuni. Kama wimbo ukiondolewa ngoma na maneno hauna tuni ya kushika (rap kwa mfano, au wimbo unaokaa kwenye noti moja na kutembea kwa maneno), mnara hautausaidia.

Angalia pia umri wa kengele. Usawazishaji wa zile sauti tano ulifikiwa na akina Hemony, ndugu wawili waliokuwa mafundi wa kengele Uholanzi, katika karne ya 17. Seti yao ya kwanza ni ya Zutphen, 1644. Baada yao ujuzi ulipotea, na ulifufuliwa huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kiwanda cha Taylor cha Loughborough kikianza nao mwaka 1896. Kengele zilizomwagwa kati ya hapo zinaweza kuwa nzuri moja moja lakini hazielewani zikigongwa pamoja. Zako kama ni za aina hiyo, piga noti moja moja na usitafute zaidi.

---

FundiNyundo

Naongezea la umeme ili swali la 4 lisiachwe hewani.

Nyundo za umeme zina faida mbili: zinapiga saa yoyote bila mtu, na hazichoki. Lakini kwa nyimbo zina tabu yake. Nyundo nzito inachukua muda mrefu kufika kuliko nyepesi. Kompyuta ikituma amri zote kwa wakati mmoja, kengele 8 italia nyuma ya kengele 1, na wimbo utasikika kama mtu anayejikwaa. Dawa yake ni kurekodi kila kengele, kupima muda kati ya amri na mlio, kisha kuiambia programu itume amri ya zile nzito mapema kwa tofauti hiyo. Anayefunga mfumo bila kupima hivyo hajamaliza kazi, hata kama taa zote zinawaka kijani.

Na nguvu ya kipigo huwa moja tu kwenye mifumo mingi ya kawaida. Mkono wako kwenye fremu unaweza kuigonga 8 kwa upole na 2 kwa nguvu, na hiyo ndiyo inayoutoa wimbo mbele. Kwa ndoa na sherehe chache, fremu inatosha. Pesa ya nyundo za umeme afadhali iende kwenye kamba mpya na puli.

Mkiamua kufunga hata hivyo, nyundo za nje ziwe na springi ya kuzirudisha, zikae milimita chache kutoka kwenye kengele zikiwa zimetulia, na kichwa kisiwe cha chuma kigumu kuliko inavyohitajika. Shaba ya kengele ni takriban asilimia 80 shaba nyekundu na 20 bati. Ni ngumu lakini inalika. Nyundo inayogonga nukta ileile kwa miaka mingi inachimba kishimo bapa, na hapo kengele hugeuzwa robo duara ili ipate sehemu mpya. Kwenye kengele za kuzungushwa, fundi wa umeme asitoboe wala kufunga kitu chochote kabla fundi wa kengele hajaona njia ya mzunguko.

---

SolfaMnarani

La mazoezi nimelisahau. Usijifunze wimbo mnarani. Kila mtu wa mtaa atakuwa amesikia makosa yako yote kabla ya harusi. Fungeni kamba nane kwenye kipande cha mbao bila nyundo, au chora visanduku nane mezani na ugonge kwa vidole mpaka mikono ijue njia. Gawa mikono mapema: kwa kawaida mkono mmoja unachukua 8 hadi 5 na mwingine 4 hadi 1, ila sogeza mpaka huo kufuata wimbo. Adui wako ni mkono mmoja kulazimika kuruka kutoka kamba ya pembeni hadi nyingine ndani ya pigo moja.

Siku ya kwanza ya kupiga kweli, mweke mtu nje, hatua mia moja hivi kutoka mnarani, asiyejua utapiga nini. Akikutajia wimbo kabla kiitikio hakijaisha, umefaulu. Ukiwa ndani huwezi kupima, kwa sababu chumba cha chini kinasikia mbao na kamba kuliko kengele. Kuhusu urefu, dakika mbili kwa wimbo mmoja zinatosha. Majirani hawana kitufe cha kuzima.

Halafu suala la haki. Kupiga wimbo wa mtu hadharani na kusambaza mpangilio wako wa namba ni mambo mawili tofauti. La kwanza kwa kawaida linahusu leseni ya muziki ambayo kanisa linapaswa kuiulizia. La pili, hasa ukiuza au kuweka mtandaoni, linahitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

---

KambaNane

Wakuu, mmenimaliza kiu. Nimechukua wimbo mmoja nikaupanga kwa d = 5. Beti iko hivi kwa solfa:

s, l, d – | d r m m | r f m r | d – – –

Nimeandika: 8 7 5 – | 5 4 3 3 | 4 ? 3 4 | 5 – – –

Hiyo f ya kipimo cha tatu ndiyo tatizo. Iko kwenye pigo la pili, fupi. Niiruke? Kiitikio chake kinapanda hadi l ya juu, sijakigusa.

---

SolfaMnarani

Usiiruke, hama kiti. Beti yako ina f lakini haina t hata moja, na hailengi juu zaidi ya f. Hiyo ni d = 4 kabisa:

7 6 4 – | 4 3 2 2 | 3 1 2 3 | 4 – – –

Hakuna kilichokosekana, na kengele 8 haijaguswa. Mkono mmoja uchukue 7, 6 na 4, mwingine 3, 2 na 1, hakuna kuruka. Angalia tu zile 2 mbili mfululizo: achia kamba mpaka nyundo ianguke kabisa kabla ya kuvuta tena, la sivyo ya pili itatoka imezibwa. Ukiona inazibwa, punguza mwendo wa wimbo mzima, usiucheleweshe hapo tu.

Kiitikio ni habari nyingine. Kikifika l ya juu kinapita uwezo wa d = 4 na wa d = 5. Ungeweza kukihamishia d = 8, ambako l ni kengele 3, lakini hapo kiitikio kinachopaswa kupaa kitaanza chini ya mahali beti ilipoishia, na wimbo utasikika umeishiwa pumzi. Mimi ningepiga beti mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi, na kiitikio nikakiacha kwa wanaoimba chini.

---

NgumiNaPedali

Naafiki. Na kwenye hiyo d ya mwisho ya beti ya pili, usiongeze 2 juu ya 4 kwa tamaa ya kufunga kwa shangwe; hiyo ni theluthi ya meja. Ukitaka uzito, gonga 7 nusu pigo kabla, kwa upole, kisha 4 peke yake.